Viimarishaji vya udongo vya maji kwa ujenzi wa barabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na wahandisi wa barabara, wakandarasi wadogo, wenye mashamba na kamati za vijiji kila dawa mpya ya udongo inapoingia sokoni. Tumeanza na mambo ya msingi na kumalizia na hali zisizo za kawaida. Mwenye haraka aanze na swali la 5 na la 6, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

## Mambo ya msingi

1. Kiimarishaji cha maji ni kitu gani hasa?

Ni kemikali (hapa tunaiita pia dawa) inayokuja kwenye pipa au dumu, ikachanganywa na maji ya kushindilia, kisha ikanyunyiziwa udongo uliotifuliwa. Lengo ni kuufanya udongo uliopo palepale ubebe magari, badala ya kuuchimba, kuutupa na kuleta changarawe au kokoto kutoka mbali. Tabaka linalotibiwa kwa kawaida huwa na unene wa sentimita 15 hadi 20, kwa kuwa hicho ndicho kina ambacho mashine huchanganya vizuri na rola hushindilia mpaka chini.

2. Zipo za aina ngapi?

Majina ya biashara ni mengi, lakini ukisoma lebo kwa makini utakuta familia chache. Kuna dawa za ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme; nyingi ya dawa hizi ni mafuta yaliyotibiwa kwa asidi ya salfuriki. Kuna vimeng'enya. Kuna polima, hasa za akriliki na vinili asetati, ambazo hufanana na maziwa mazito. Kuna lignosulfonati, mabaki ya kahawia yanayotoka kwenye viwanda vya kutengeneza karatasi kwa mbao. Na kuna kloridi za kalsiamu na magnesiamu, ambazo kazi yake kubwa ni kuzuia vumbi. Lami ya maji tunaiacha nje ya ukurasa huu. Ina historia na taratibu zake.

Muuzaji akikataa kukuambia dawa yake ni ya familia ipi, huna njia ya kujua itafaa udongo gani.

3. Zinafanyaje kazi?

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni bapa na ndogo mno, na uso wake una chaji hasi. Chaji hiyo huvuta ioni chanya pamoja na maji, na maji hayo hung'ang'ania chembe kama ngozi. Ndiyo yanayofanya udongo uvimbe mvua ikinyesha, uteleze chini ya tairi, kisha upasuke jua likiwaka. Dawa ya ioni hubadilisha ioni zilizo usoni mwa chembe, maji yaliyong'ang'ania yakalegea, chembe zikasogeleana, na rola ikipita udongo hubanana zaidi. Vimeng'enya hudaiwa kufikia matokeo ya namna hiyo kwa njia nyingine, ingawa maelezo ya vipeperushi hapa huwa na uhakika mkubwa kuliko sayansi iliyo nyuma yake.

Polima haijali chaji. Huzizunguka chembe, maji yakikauka ukabaki utando unaozigundisha. Ndiyo maana polima inaweza kushika mchanga, wakati dawa ya ioni ikimwagwa mchangani haina cha kushughulika nacho. Lignosulfonati nayo hugundisha, ila huyeyuka kwenye maji. Kloridi huvuta unyevu kutoka hewani na kuufanya uso wa barabara usikauke hadi kutoa vumbi.

4. Tofauti yake na chokaa au saruji ni ipi?

Chokaa hupandisha pH ya udongo (kipimo cha uasidi na ualkali) hadi karibu 12.4, na katika hali hiyo silika na alumina, madini yaliyomo kwenye udongo wa mfinyanzi, huanza kuyeyuka na kuungana na kalsiamu kuwa gundi ya kudumu. Saruji huleta gundi yake yenyewe. Zote mbili zina miongo mingi ya kumbukumbu na vitabu vya usanifu ambavyo mhandisi anaweza kuvifungua na kukokotoa unene wa tabaka.

Dawa za maji hazina kumbukumbu kama hizo. Fomula nyingi ni siri, na mtengenezaji anaweza kuibadilisha bila kubadilisha jina lililo kwenye pipa. Faida yake ni wepesi: hakuna malori ya mifuko, hakuna vumbi la saruji machoni mwa vibarua, na kwa dawa nyingi hakuna kukimbizana na saa kama ilivyo kwa saruji, ambayo ni lazima ishindiliwe kabla haijaanza kushika. Kuhusu hewa chafu, soma swali la 17.

## Je, zinafanya kazi?

5. Mbona wengine husema ni utapeli na wengine huapa kwamba zimewaokoa?

Wote wanaweza kuwa wanasema kweli. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha vipimo vya dawa tatu, moja ya ioni, moja ya kimeng'enya na moja ya polima, kwenye aina mbalimbali za udongo wa mfinyanzi. Kwa viwango vilivyopendekezwa na wauzaji, hawakuona nafuu ya kuaminika. Mwaka huohuo watafiti wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani walitoa matokeo ya mchanga wenye tope laini (chembe ndogo kuliko mchanga, kubwa kuliko za mfinyanzi): baadhi ya polima ziliongeza nguvu waziwazi, huku vimeng'enya na dawa za ioni zikikaribia kuwa sawa na udongo usiotiwa kitu. Ukirudi kwenye swali la 3 utaona kwa nini tokeo la pili halishangazi.

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana. Ili kutia dawa, barabara huchimbuliwa, hupewa unyevu sahihi, hushindiliwa ipasavyo, huwekewa mgongo (katikati pawe juu kuliko kingo) na mitaro. Barabara iliyofanyiwa hayo yote itakuwa bora kuliko ile ya jana hata kama kilichokuwa kwenye boza, gari la kunyunyizia maji, ni maji matupu. Sifa zote huenda kwa dawa. Kipande cha majaribio kisichokuwa na kipande pacha kilichojengwa vilevile bila dawa hakithibitishi chochote, hata kikiwa na picha nzuri kiasi gani.

Dawa hizi zina nafasi yake, na kwenye udongo unaozifaa huokoa fedha halisi. Anayekuambia yake hufaa kila udongo, mwache aendelee na safari.

6. Nitajuaje kama dawa inafaa udongo wangu?

Kwa kulinganisha, na kwa udongo wa barabara yako mwenyewe. Chukua sampuli kila mahali unapoona rangi au mguso wa udongo unabadilika, kwenye kina kitakachotibiwa, si juu palipojaa vumbi la magari. Maabara ipime kwanza mgawanyo wa ukubwa wa chembe na mipaka ya Atterberg, vipimo vilivyobuniwa na Albert Atterberg wa Sweden mwaka 1911, vinavyoonyesha udongo unaanza kunyumbulika kwa unyevu gani na kuwa uji kwa unyevu gani. Udongo usionyumbulika kabisa hauna sababu ya kutiwa dawa ya ioni.

Kisha lifuate jaribio la Proctor, la kutafuta unyevu ambao udongo hushindilika zaidi, na jaribio la CBR, la kupima uwezo wa udongo kubeba mzigo. Katika CBR, chuma cha mviringo chenye kipenyo cha karibu milimita 50 husukumwa polepole ndani ya udongo ulioshindiliwa, milimita 1.27 kwa dakika. Nguvu iliyotumika kufika kina cha milimita 2.5 hulinganishwa na kilonewtoni 13.2, ambayo huhesabiwa kuwa asilimia 100. Udongo uliohitaji kilonewtoni 1.06 una CBR ya 8.

Sasa sikiliza sehemu inayorukwa. Tengeneza sampuli kwa jozi: moja ina dawa, nyingine ina maji tu, zikiwa na unyevu uleule, mapigo yaleyale ya nyundo na siku zilezile za kukaa. Halafu zote zizamishwe majini siku 4 kabla ya kupimwa. Maonyesho mengi ya wauzaji hutumia vipande vikavu, na udongo wa mfinyanzi ukikauka juani huwa mgumu kama tofali bila dawa yoyote. Baada ya siku 4 majini ndipo utajua. Ikiwa sampuli yenye dawa ina CBR ya 14 na ile ya maji ina 13, umelipia moja. Pima pia kimo cha uvimbe. Wakati mwingine dawa haiongezi nguvu sana lakini hupunguza kuvimba, na hiyo nayo ni faida.

7. Sina maabara karibu. Ninaweza kupima mwenyewe?

Unaweza kukataa dawa bila maabara, lakini huwezi kuikubali. Jaza theluthi ya chupa angavu kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, weka mezani. Mchanga hutuama ndani ya dakika moja hivi, tope laini hufuata kwa saa, na udongo wa mfinyanzi hutuama mwisho, pengine siku ya pili. Kisha chukua udongo wenye unyevu, usokote kwa kiganja juu ya kioo mpaka uwe uzi wa unene wa milimita 3. Ukikatikakatika kabla ya kufika hapo kila ukijaribu, hata ukiongeza maji, hakuna mfinyanzi wa kutosha kwa dawa ya ioni wala kimeng'enya.

8. Ni udongo gani nisihangaike nao?

Udongo wa juu wenye mizizi na mboji, uondoe, usiutibu. Eneo ambalo maji husimama mwaka mzima, kwa kuwa hakuna dawa ya maji inayochukua nafasi ya mtaro. Udongo mweusi unaovimba, ukiwa wa kina kirefu, utibu kwa chokaa au ubadilishe, isipokuwa vipimo vya jozi viseme vinginevyo.

## Hesabu na gharama

9. Kilomita moja huhitaji dawa kiasi gani?

Barabara ya upana wa mita 6, tabaka la sentimita 15, kilomita moja: ni mita za ujazo 900. Kwa uzito wa tani 1.8 kwa mita ya ujazo, udongo huo ni tani 1,620. Ukitumia saruji kwa asilimia 4 utahitaji tani 64.8, yaani mifuko 1,296 ya kilo 50. Dawa ya ioni ambayo lebo yake inataka lita 0.2 kwa mita ya ujazo itahitaji lita 180, chini ya pipa moja la lita 200. Hapo ndipo mvuto wake ulipo.

Polima ni hadithi nyingine. Ikihitajika asilimia 2 ya uzito wa udongo, ni zaidi ya tani 32, na hesabu ya usafiri inarudi karibu na ile ya saruji. Kwa hiyo "dawa ya maji" haimaanishi moja kwa moja mzigo mdogo.

10. Ni nafuu kuliko changarawe?

Hutegemea machimbo yako mbali kiasi gani. Changarawe ikiwa nzuri na iko karibu, dawa nyingi hushindwa kwenye hesabu. Ikisafirishwa makumi ya kilomita, mizani huanza kuinama upande wa pili, hasa ukikumbuka kwamba barabara ya changarawe yenye magari mengi hupoteza milimita nyingi za uso kila mwaka kwa vumbi na mvua, na lazima iongezwe tena na tena.

Linganisha gharama ya miaka kadhaa, ukiweka ndani kuchonga kwa greda, kujaza mashimo na tabaka la juu kama linahitajika (swali la 15). Bei ya pipa peke yake haikuambii kitu. Na usisahau gharama ya maji: kwenye sehemu kavu, boza linaweza kugharimu zaidi ya dawa iliyomo.

## Kazini

11. Kazi yenyewe inakwendaje?

Mitaro na makalavati kwanza. Kisha greda hutifua udongo kwa meno yake hadi kina kilichopangwa, mawe makubwa huondolewa, na mabonge huvunjwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: bonge la ukubwa wa ngumi huloweshwa nje tu, ndani likabaki kavu na bila dawa, na mvua ya kwanza hulitafuta hilohilo. Boza hunyunyiza kwa mizunguko kadhaa, huku mashine ya kuchanganya au greda ikigeuza udongo kati ya mzunguko na mzunguko mpaka rangi iwe moja kutoka juu hadi chini. Chimba kwa mkono sehemu tatu nne uone.

Udongo wa mfinyanzi huanza na rola ya miguu, ambayo hubana kutoka chini kuja juu, ndipo rola laini imalizie. Mgongo wa barabara uwe na mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kila upande. Kwa barabara ya mita 6, asilimia 5 maana yake katikati pako juu ya kingo kwa sentimita 15.

Zoezi likiisha, pima ushindiliaji. Fimbo ya chuma yenye ncha ya koni, inayopigwa kwa nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575, hukuonyesha kwa dakika chache kama tabaka ni gumu mpaka chini.

12. Nichanganye na maji kiasi gani?

Maji huamuliwa na udongo. Dawa huamuliwa na ujazo. Tuendelee na mfano wa swali la 9. Tuseme udongo hushindilika vizuri kwa unyevu wa asilimia 14, nao uko kwenye asilimia 9. Pengo ni asilimia 5 ya tani 1,620, yaani tani 81 au lita 81,000. Kwa boza la lita 10,000 hizo ni safari 8 na kidogo, na lita 180 za dawa zikigawanywa humo, kila boza lililojaa hupata lita 22 hivi. Ongeza maji kidogo kwa ajili ya jua na upepo, lakini dawa iliyopangwa ibaki ileile, na iishe yote.

Kwa mkono: finyanga udongo kwenye kiganja. Ukishikamana na kuvunjika vipande viwili safi, uko sawa. Ukichafua kiganja kwa tope, umezidisha. Ukimwagika, bado. Maji ya boza yawe safi. Yakiwa ya tope, dawa ya ioni huanza kazi kwenye tope hilo kabla haijafika barabarani.

13. Udongo umeshalowa, au mvua imenyesha katikati ya kazi. Nifanyeje?

Udongo uliokwisha kufika unyevu wake hauna nafasi ya kupokea maji yenye dawa. Utifue, uuache ukauke chini ya kiwango, ndipo unyunyize. Mvua ikitishia baada ya kunyunyiza, shindilia upesi na uweke mgongo ili maji yateremke. Ikikuwahi kabla ya rola, subiri ukauke, changanya tena na ushindilie. Kwa polima ambayo haijakauka, mvua kubwa huosha sehemu ya dawa, na huenda ukalazimika kutia dawa tena. Usiianze kama wingu limefunga.

14. Magari yapite lini?

Fuata hati ya dawa. Nyingi za ioni huruhusu magari mepesi mapema baada ya kushindilia, na polima husubiri ikauke. Malori yenye mizigo yasubiri zaidi, vyovyote iwavyo.

## Baada ya kujenga

15. Je, ninahitaji lami juu yake?

Kwa barabara yenye magari ya kutosha, ndiyo, au angalau tabaka jembamba la kuzuia maji na msuguano. Dawa za ioni na vimeng'enya huimarisha mwili wa tabaka lakini uso huendelea kusagwa na tairi na kutoa vumbi. Polima hustahimili zaidi, hasa ikinyunyiziwa tena juu. Kwa njia ya shambani inayopita magari machache, uso ulio wazi unavumilika kama mitaro inafanya kazi.

16. Matengenezo yake yakoje?

Tabaka lililotiwa dawa ya ioni linaweza kutifuliwa, kuloweshwa na kushindiliwa upya, jambo ambalo saruji iliyokwisha kushika haikubali. Polima ni ngumu zaidi: shimo hukatwa pembe nne, hujazwa udongo uliotiwa dawa ileile, hushindiliwa. Greda ikipita juu ya polima kavu kwa lengo la kulainisha tu, hubandua utando na kuacha vigae. Mwambie dereva mapema.

## Mazingira na usalama

17. Ni kweli kwamba ni rafiki wa mazingira?

Inapofanya kazi, ndiyo, kwa sababu mbili zinazoeleweka: malori machache na saruji kidogo. Utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu, na chokaa hutoa gesi hiyo mawe yake yanapochomwa. Barabara iliyotibiwa ikavunjika msimu wa kwanza na kujengwa upya haikuokoa kitu.

Kila familia ina doa lake. Kloridi huchuruzika na mvua, huunguza mimea ya kando na kuharakisha kutu ya magari. Lignosulfonati ikimwagika mtoni hula oksijeni ya maji. Polima ni plastiki, na uso unaosagika hutoa chembe zake. Karibu na kisima au mto, taka kuona matokeo ya vipimo vya maji, si neno "asilia" kwenye lebo.

18. Ni hatari kwa wafanyakazi?

Dawa ya ioni ikiwa haijachanganywa inaweza kuwa asidi kali inayounguza ngozi na macho. Miwani, glavu za mpira, na maji safi ya kunawa karibu. Jaza boza maji kwanza, ndipo umimine dawa. Usimimine maji juu ya asidi. Pipa tupu lisigeuzwe la kutekea maji ya nyumbani. Hati ya usalama wa kemikali iwe mikononi mwako kabla pipa halijafunguliwa.

## Hali zisizo za kawaida

19. Udongo wangu una salfati, na nimeambiwa saruji itapasua barabara. Dawa ya maji ni suluhisho?

Inaweza kuwa. Kalsiamu ya chokaa au saruji ikikutana na salfati, alumina ya udongo na maji, huzaa fuwele za etringiti zinazovimba na kuinua barabara. Dawa isiyo na kalsiamu haileti tatizo hilo. Lakini kukwepa tatizo la saruji hakumaanishi udongo umeimarika. Vipimo vya jozi vinabaki palepale.

20. Naweza kuchanganya dawa na saruji kidogo?

Polima na saruji kidogo huchanganywa mara nyingi, na huweza kusaidiana. Dawa ya ioni yenye asidi pamoja na chokaa au saruji ni jambo la kuangaliwa, kwa sababu asidi na alkali huzimana. Kama muuzaji mwenyewe anataka uongeze saruji asilimia 2 au 3 "kusaidia dawa", tengeneza jozi ya tatu: saruji peke yake. Mara nyingine utakuta ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

21. Kuna mlima mkali kwenye njia. Dawa itatosha?

Kwenye mteremko mkali maji hukimbia kufuata barabara badala ya kuivuka, na tairi hukwangua. Weka zege au mawe kwenye kipande hicho, na dawa uitumie kwenye tambarare.

22. Mapipa yamekaa stoo tangu mwaka jana. Bado yanafaa?

Angalia tarehe kwenye lebo na hali ya stoo. Vimeng'enya huharibiwa na joto kali. Polima iliyoganda kwa baridi, au iliyotengana ikawa maji juu na mabonge chini yasiyorudi hata ukikoroga, haifai tena. Kama inaonekana salama, usiimwage barabarani kwa kubahatisha: jaribu kwenye sampuli chache za udongo uleule uliopimwa mwanzo, ulinganishe na matokeo yale.